Jinja hadi Mbale: Mali Haipandi Ndege

Kwa mstari wa angani, Jinja na Mbale zimeachana kilomita 130 hivi. Ndege ndogo ingefika kwa kama nusu saa. Lakini hesabu hiyo haimsaidii mfanyabiashara. Hakuna ndege za abiria zenye ratiba kati ya miji hiyo, na vitunguu vya Bugisu husafiri kwa lori kupitia Tirinyi na Iganga. Mvua ikiharibu barabara au vizuizi vikizidi, mali huoza na faida huishia njiani. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010. Kabla ya kuahidi viwanja vya ndege, viongozi waitunze barabara hiyo na kupunguza vizuizi. Soko bila njia ni jina tu.