Picha Mia na Ishirini



Mwezi huu napenda kuwasimulia jambo lililonirudisha mimi, mwalimu, kuwa mwanafunzi. Kijana mmoja wa chuoni kwetu alinijia akataka ruhusa ya kutengeneza filamu ya kuwafunza wadogo zake herufi, kwa ufundi uitwao stopu-mosheni. Kitu hupigwa picha, kikasogezwa kidogo, kikapigwa tena. Kisha picha zote hupitishwa upesi, na jicho likadhani kitu kinakwenda chenyewe.

Kwanza nalisita. Kazi hii kwa Kiswahili huitwa uhuishaji, na mwenye kuhuisha ni Mwenyezi Mungu peke yake. Walakini hapa hakuna kinachopewa uhai. Ni macho tu yanayodanganyika. Ama sanamu za vyenye roho, wanavyuoni wamekhitalifiana, na imepokewa kwamba Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alimwelekeza mchoraji mmoja kwenye miti na visivyo na roho. Basi tukachagua kokwa za tende, zijipange ziwe alifu, kisha be.

Kijana akaniambia, "Maalim, sekunde moja yataka picha 12." Sisi tulitaka sekunde 10, yaani picha 120. Simu ikafungwa imara juu ya kigoda. Madirisha yakafungwa, ikawashwa taa moja, kwani jua likihama na vivuli huhama. Kila kokwa ilianza kwa hatua ndogo, ikaongeza mwendo, kisha ikapunguza kabla ya kutulia.

Ilipofika picha ya 70 nikachoka. Nikafanya haraka, na mkono wa kanzu yangu ukaigusa simu. Nikanyamaza, nikitaraji haitaonekana. Tulipotazama, alifu nzima iliruka kama iliyopigwa kofi! Kijana aliniangalia, akasema kwa adabu, "Haidhuru, Maalim. Tuanze tena."

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma moyo. Kwa miaka mingi, mtoto aliyeteleza katika aya nalimkemea mbele ya wenziwe, na pengine fimbo ikatangulia ulimi. Sikumbuki ni wangapi niliowaambia "haidhuru." Nao walikuwa wakijifunza jambo zito kuliko kusogeza kokwa.

Tukaanza tena, na baada ya sala ya alasiri tukamaliza. Watoto walipoiona alifu ikijipanga walipiga kelele za furaha, wakaitaja herufi kwa sauti moja.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kuwa amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, ijapokuwa ni chache. Enyi wazazi na walimu wenzangu, mtoto naye huenda kwa hatua ndogo. Akiteleza, mrudisheni kwa upole. Mimi nimekwisha kuwaomba radhi wanafunzi wangu, na fimbo nimeiondoa chuoni.

Wabillahi tawfiq.