Wahudumu wa Afya 137,294: Tuwahesabu Kitongoji kwa Kitongoji

Serikali ya CCM inapenda namba kubwa. Januari 31, 2024, Makamu wa Rais Dk. Philip Mpango alizindua mpango wa miaka mitano wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale tunaowaita WAJA. Namba iliyotangazwa ni wahudumu 137,294 ifikapo 2028. Gharama: takriban shilingi bilioni 899. Picha zikapigwa, makofi yakapigwa, magazeti yakaandika.

Sasa swali letu ni dogo tu. Kwenye kitongoji chako wapo wangapi?

Kama hujui, hauko peke yako. Na hilo ndilo tatizo tunalolizungumzia leo, makamanda. Hatusemi mpango ni mbaya. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Kijana wa kijijini anapewa mafunzo ya miezi sita, darasani na kwa vitendo, halafu anarudi kwao kupita nyumba kwa nyumba. Anamfuatilia mjamzito asikose kliniki, anamtambua mtoto mwenye utapiamlo, anamkumbusha mgonjwa wa kifua kikuu dawa zake. Kwa mujibu wa sensa ya 2022 tuko watu milioni 61.7, na karibu theluthi mbili yetu tunaishi vijijini. Kwa mama aliye umbali wa saa tatu kwa miguu kutoka zahanati, mhudumu huyu ndiye Wizara ya Afya yenyewe. Hakuna mwingine atakayegonga mlango wake.

Ndiyo maana hatuwezi kuridhika na namba ya jukwaani.

Tuanze na hesabu ya darasa la nne. Mpango unataka wahudumu wawili kila kitongoji na kila mtaa, mwanamke na mwanaume. Gawa 137,294 kwa 2, unapata 68,647. Maana yake namba ya Serikali ilitokana na kuhesabu vitongoji na mitaa, kisha kuzidisha. Hiyo ni idadi ya wanaohitajika. Haisemi nani amechaguliwa, nani amemaliza mafunzo, nani amepewa vifaa, nani analipwa na nani ameshaacha akaenda kuendesha bodaboda.

Hesabu ya pili. Gawa bilioni 899 kwa wahudumu wote: unapata kama milioni 6.5 kwa kila mmoja kwa miaka mitano. Igawe tena kwa miezi 60, inabaki kama shilingi 109,000 kwa mwezi. Ni kweli hawaingii wote siku moja, kwa hiyo hesabu halisi ya kila mwaka itatofautiana. Lakini humo ndani zimo gharama za mafunzo, vifaa, usimamizi na posho. Ukiona hivyo lazima uulize: huyu mtu mkononi anapata kiasi gani? Analipwa na nani? Fedha za mfadhili zikikauka inakuwaje?

Swali la mfadhili si la nadharia. Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa amri ya siku moja, na miradi ya VVU iliyokuwa inategemea watu wa kufuatilia wagonjwa vijijini ikatikisika ndani ya wiki chache. Kama tungekuwa na orodha ya wazi, halmashauri kwa halmashauri, inayoonyesha mhudumu gani analipwa na bajeti ya Serikali na yupi analipwa na mradi, tungejua siku ileile pengo liko wapi. Hatukuwa nayo mikononi.

Na tusidanganyane kwamba hii ni mara ya kwanza. Nchi hii imekuwa ikifundisha wahudumu wa afya wa vijijini tangu enzi za Ujamaa. Kila awamu inakuja na mpango wake na jina lake. Mwaka 2007 ukaja MMAM, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata, na ahadi ya kuongeza wataalamu wa kuvijaza. Baadaye kidogo ikaja kozi ya mwaka mmoja ya uhudumu wa afya ya jamii vyuoni. Vijana wakasoma, wakahitimu, wakasubiri ajira. Wengi hawakuitwa. Leo utaratibu ni mwingine, wa miezi sita. Wale wa mwaka mmoja wako wapi? Nani aliwahesabu? Kuna mzazi aliuza ng'ombe kulipa ada ya kozi ile, na kwenye hotuba za leo hatajwi kabisa.

Hii ndiyo hasara ya kutokuwa na takwimu za mafunzo. Mpango mpya unazinduliwa bila mtu kulazimika kueleza ule wa zamani uliishia wapi.

Watatuambia takwimu zipo. Na kweli zipo. Wizara ina mifumo ya kompyuta ya kutunza taarifa za watumishi wa afya na za vyuo vinavyowafundisha, iliyojengwa kwa miaka na kwa fedha za wafadhili. Lakini mafunzo yako chini ya Wizara ya Afya, na zahanati za vijijini ziko chini ya TAMISEMI. Ukiuliza huku unaambiwa nenda kule. Kwa hiyo jibu letu ni fupi: kama zipo, zibandikeni. Ziwekwe wazi kwa halmashauri, kata na kijiji. Namba ya kitaifa haimsaidii mtu wa Kakonko wala wa Tunduru. Inaweza kupendeza huku kata nzima haina hata mhudumu mmoja.

Mnakumbuka Kagera? Machi 2023 ulitangazwa mlipuko wa Marburg Bukoba. Januari 2025 WHO ikatoa tahadhari ya ugonjwa unaoshukiwa kuwa Marburg mkoani humohumo. Wizara ikasema vipimo havikuonyesha kitu. Siku chache baadaye, Januari 20, Rais mwenyewe akathibitisha kwamba Marburg ipo, Biharamulo. Ugonjwa kama huu hauanzi kuonekana Dodoma. Anayeuona kwanza ni mtu anayepita nyumba kwa nyumba na kugundua kwamba kwa fulani wamezika mara mbili ndani ya wiki moja. Ukiwa hujui wahudumu wako wapi na wamefundishwa nini, umeamua kupata habari mwisho.

Basi tufanye nini zaidi ya kulalamika mitandaoni?

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma. Unaandika barua, unaeleza unachotaka, na mhusika anatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Ukikataliwa unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na baada ya hapo kwa Waziri. Katiba yenyewe, Ibara ya 18, inatupa haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Kama afya ya mama mjamzito si suala muhimu kwa jamii, basi hakuna suala muhimu. (Wenzetu wa Zanzibar: sheria hii ni ya Bara tu. Kwenu njia ni nyingine.)

Barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Maswali sita tu, yaleyale nchi nzima, ili majibu yaweze kulinganishwa:

1. Kila kitongoji kina wahudumu wangapi waliochaguliwa, wanawake wangapi, wanaume wangapi?
2. Wangapi wamemaliza mafunzo, lini na katika chuo gani?
3. Mafunzo yao yalilipiwa na nani?
4. Wangapi wana mkataba wa maandishi?
5. Posho ni kiasi gani, inalipwa na nani, na mara ya mwisho ililipwa lini?
6. Kati ya waliofundishwa, wangapi bado wanafanya kazi?

Swali la nne na la tano hatukuyatoa kichwani. Mwongozo wa WHO wa 2018 kuhusu wahudumu hawa unapendekeza walipwe ujira unaolingana na kazi yao na wawe na makubaliano ya maandishi. Wenye serikali wakisema hawa ni watu wa kujitolea, waulizwe: utamfundisha mtu miezi sita, umpe kaya za kutembelea, umdai ripoti, halafu umwambie anajitolea?

Njia ya pili ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Huhitaji kadi ya chama chochote kusimama na kuuliza, "Mheshimiwa Mwenyekiti, wahudumu wa afya wa kitongoji chetu ni akina nani, na tuliwapitisha lini?" Swali hilo liingie kwenye muhtasari. Kama hawakupitia mbele ya wananchi, kijiji kitajua palepale. Kama ni watoto wa mabalozi tupu, kijiji pia kitajua.

Najua kuna wanaoogopa, na woga wao una sababu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazopingana na za Serikali. Mwaka 2019, baada ya kelele ndani na nje, Benki ya Dunia ikiwemo, kifungu hicho cha jinai kikaondolewa. Kwa hiyo kuhesabu si kosa. Lakini kupotosha taarifa uliyopewa ni kosa chini ya Sheria ileile ya 2016, na adhabu yake ni jela. Ndiyo maana nasisitiza: andika ulichojibiwa, neno kwa neno, pamoja na tarehe. Usiongeze chumvi. Ukijibiwa kwamba wapo kumi, andika kumi, hata kama ulitamani wawe sifuri. Kitongoji chenye wahudumu wawili wanaolipwa kwa wakati nacho kiingie kwenye orodha, maana orodha yenye mabaya matupu hakuna atakayeiamini.

Kuna mipaka mingine pia. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hatukusanyi majina ya wagonjwa, hali zao za kiafya wala namba za simu za wahudumu. Tunataka idadi tu. Na tafadhali, usiende kumvamia muuguzi wa zahanati na simu mkononi unarekodi. Yule dada yuko peke yake zamu ya usiku, ana wajawazito watatu na solar iliyokufa. Yeye si adui. Anayetakiwa kujibu ni aliyekaa na bajeti.

Kuna hoja moja ya kwetu wenyewe. Chama chetu kinaomba dhamana ya kuongoza nchi. Tukiingia ofisini kesho tutakuta mpango huu mezani, nusu umetekelezwa, na maelfu ya vijana wakisubiri posho. Tutauendeleza, tutaurekebisha au tutauvunja? Hakuna anayeweza kujibu kwa uaminifu bila kujua uko wapi, na hatuwezi kuendelea kulaani hotuba zisizo na takwimu huku za kwetu ziko vilevile. Kijiji chenye vitongoji vitano kinatakiwa kuwa na wahudumu kumi. Diwani wetu, mgombea wetu, mwenyekiti wetu wa vijana wa kata anapaswa kuijua namba hiyo na kujua wangapi wapo, kama anavyojua idadi ya vituo vya kupigia kura.

Pendekezo letu kwa ngazi zote za vijana: kila tawi lichague mtu mmoja wa kuandika barua na mmoja wa kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, siku 30 hazina pa kuanzia. Jibu likija, litumwe kwa katibu wa vijana wa wilaya kama lilivyo. Jibu lisipokuja, hilo nalo ni jibu. Liandikwe: halmashauri fulani, iliombwa tarehe fulani, imekaa kimya.

Mpango wao unaisha 2028. Siku hiyo watasimama tena jukwaani na namba nyingine kubwa. Safari hii tuwe na orodha yetu mkononi, kitongoji kwa kitongoji.