KURA NYINGI, VITI VICHACHE: HII NI HAKI GANI?



Kila uchaguzi unapokaribia twahimizwa tujiandikishe, tupige kura na tulinde amani. Yote hayo ni mema. Lakini liko swali ambalo wakubwa hawapendi liulizwe: kura zikishapigwa, hugeuzwaje kuwa viti?

Natutazame historia yetu wenyewe. Julai 1963 visiwa hivi vilichagua wajumbe 31, kila jimbo mtu mmoja. Afro-Shirazi ilipata kura 54 katika kila 100, ikaambulia viti 13. ZNP na ZPPP, kwa kura 46, zikatwaa viti 18 na serikali. Hata kama haikuibwa kura moja, njia yenyewe ilitosha kuwanyima wengi haki yao. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ile ikapinduliwa na damu ikamwagika. Hatusemi kwamba hesabu ya viti peke yake ndiyo iliyoleta maafa hayo. Twasema kwamba aliyeshinda kwa kura akashindwa kwa viti hana sababu ya kuliamini sanduku.

Hila iko wapi? Chukua majimbo matatu, kila moja kura 1,000. Chama kimoja kikishinda mawili kwa 510 dhidi ya 490, kisha kikashindwa la tatu kwa 100 dhidi ya 900, kitapata viti viwili kwa kura 1,120. Mwenzake, mwenye kura 1,880, atapata kimoja! Basi achoraye mipaka ya majimbo aweza kuamua mshindi kabla ya siku ya kura.

Wapinzani wa mageuzi husema kwamba kugawa viti kwa uwiano wa kura kutamwondolea mwananchi mjumbe wa jimbo lake. Si kweli. Lesotho mwaka 1998 chama kimoja kilichukua viti 79 kati ya 80 kwa kura kama 60 katika 100. Ghasia zikazuka na mji wa Maseru ukachomwa. Kufikia uchaguzi wa 2002 walikwisha pata dawa: majimbo 80 yalibaki, vikaongezwa viti 40 vya kusawazisha.

Nasi, katika kura ya maoni ya Julai 2010, watu 66 katika kila 100 walikubali serikali ya pamoja, ambamo mawaziri hugawanywa kwa kadiri ya viti vya Baraza la Wawakilishi. Kama viti vyenyewe vimepatikana kwa mizani iliyopinda, huo mgao utanyookaje?

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Viti vya kusawazisha viwekwe katika Baraza. Na njia ya uchaguzi iamuliwe na vyama vyote pamoja na wananchi, kabla ya kura, si na chama kinachotawala peke yake.

Na sisi tukishika serikali kesho, tudaiwe haya haya. Mizani ya haki haibadilishwi kwa kubadilika mwenye duka.