Kikapu Kisitangulie Somo

Mara nyingi tumemsikia mwalimu wa kazi za mikono akiagiza: "Kesho kila mtoto alete kikapu." Vikapu huletwa, alama hutolewa, lakini aliyesuka ni bibi, ama kimenunuliwa mnadani. Sivyo ilivyokusudiwa na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967.

Kwa maoni yetu, somo hili huanzia porini. Mwalimu atakayepangiwa Hirbadaw, wilayani Hanang, hana budi kuwauliza kwanza wazee wa hapo ni majani gani yafaayo kusukwa, na huvunwa majira gani. Penye mkindu, watoto wachume makuti machanga machache na kuuacha moyo wa shina. Ukikatwa, shina hilo hufa. Kisha wayaanike, wayachane, wasuke ukili na kuushona. Katika kuhesabu chane na kupima mzingo wa kitako, hesabu imo humo humo.

Kikapu cha kwanza huenda kikapinda. Ndugu walimu wanafunzi, kipokeeni na kukipa alama zake, kwa kuwa ndicho pekee kinachoonyesha mtoto amefika wapi, na mwalimu aanzie wapi kesho.