Kazi ya Kusikiliza

Watu wengi hudhani kwamba mchezaji wa michezo ya kuigiza ni mtu aliyejaliwa ulimi tu. Hupanda jukwaani akacheka na kulia, akapigiwa makofi, akaenda zake. Na ikisikika kwamba ameingia darasani kufundisha, husemwa kwamba nyota yake imezimika. Sisi hatukubaliani na fikira hizo, na ushahidi wetu twautoa katika maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani, Bibi Anna Deavere Smith.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1950 katika mji wa Baltimore, mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa familia ya watu weusi. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule. Babu yake alimwachia neno moja: kwamba mtu akilitamka neno mara nyingi, neno hilo humwingia likawa sehemu yake. Wengine wangalilichukua neno hilo kuwa ni usemi wa wazee tu. Yeye alilifanya kuwa kazi ya maisha yake.

Kazi yenyewe ni hii. Huchukua kinasa sauti, akawaendea watu na kuwauliza habari zao. Hawaendei wakubwa peke yao. Huwaendea pia mwenye duka, askari, mfungwa na mzazi aliyefiwa. Kisha huyasikiliza maneno yao tena na tena, mpaka aweze kuyatoa kama yalivyotoka, pamoja na kigugumizi chake na kimya chake. Hatimaye hupanda jukwaani peke yake, akawa watu hao wote, mmoja baada ya mwingine, weusi kwa weupe, wanaume kwa wanawake.

Tazama alivyofanya katika mtaa wa Crown Heights, New York. Mwezi Agosti 1991, gari la msafara wa kiongozi wa dini ya Kiyahudi lilimgonga na kumwua Gavin Cato, mtoto mweusi wa miaka 7. Saa chache baadaye Yankel Rosenbaum, Myahudi aliyetoka Australia kwa masomo, alichomwa kisu akafa. Mtaa ukawaka kwa ghasia, na kila upande ukalia msiba wake bila kutaka kusikia wa mwenziwe. Bibi Smith alikwenda pande zote mbili. Katika mchezo wake Fires in the Mirror, ulioonyeshwa mwaka 1992, baba wa mtoto yule na ndugu wa Rosenbaum husikika kwa kinywa kimoja. Hakuna hotuba ya upatanishi ipitayo hiyo.

Mwaka huo huo mji wa Los Angeles ulichomwa moto, baada ya mahakama kukosa kuwatia hatiani askari polisi walioonekana katika filamu wakimpiga Rodney King. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha. Bibi Smith alizungumza na watu wapatao 200, na mwaka 1993 akatoa mchezo uitwao Twilight: Los Angeles, 1992.

Hapo ndipo penye ubishi. Mchezo huo uliondolewa katika mashindano ya tuzo ya Pulitzer, kwa hoja kwamba maneno yake hayakubuniwa bali yalitoka katika mazungumzo, na kwamba mtu mwingine hangeweza kuucheza. Twauliza: je, mwashi aliyumba jiwe? Hakuliumba, alilichagua, akalichonga, akalipanga, na nyumba ikasimama. Maneno ya mfanyakazi si duni kwa sababu yalisemwa barabarani wala hayakuandikwa mezani. Tena Bibi Smith huwataja wenye maneno hayo, wala hajifanyi kuwa ni yake. Na hoja ile ya pili imejibiwa na wakati: mwaka 2021 mchezo huo ulichezwa New York na wachezaji watano.

Wako wanaomjua kwa televisheni tu. Katika The West Wing alikuwa mshauri wa usalama wa taifa, na katika Nurse Jackie, kuanzia 2009 hata 2015, msimamizi wa hospitali. Lakini sifa hizo hazikumtoa darasani. Alifundisha Chuo Kikuu cha Stanford tangu 1990 hadi 2000, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha New York. Basi hakungoja nyota izimike ndipo afundishe. Alifundisha huku ingali yawaka. Kipaji kisichofundishwa huzikwa pamoja na mwenyewe, bali ufundi uliofundishwa hurithiwa.

Wala hakuketi chuoni akasahau alikotoka. Mwezi Aprili 2015 kijana Freddie Gray alikufa baada ya kukamatwa na polisi wa Baltimore, mji ule ule aliozaliwa Bibi huyu. Naye, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alikuwa kazini na kinasa sauti chake, akikusanya habari za watoto maskini wanaotolewa shuleni na kuishia gerezani. Watu wapatao 250 walisema naye, na mchezo uliozaliwa humo ni Notes from the Field.

Wahenga wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bibi Smith amekubali kukilalia kitanda cha kila mtu, hata cha yule asiyempenda. Twawaomba wasomaji wetu walipime jambo hili katika kazi zao. Asimamaye mbele ya mkutano, au ofisini, au kiwandani, akasema kwa niaba ya wengine, hana budi kujiuliza kwanza: Je, nimewasikia? Ikiwa hakuwasikia, basi asemayo ni yake mwenyewe, wala asiwatwishe wengine.