Kipimo Kitangulie Kisu

Mwaka 2022 zilitoka New York habari za kutia moyo. Wagonjwa 12 wa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, walitibiwa miezi sita kwa dawa iitwayo dostarlimabu. Uvimbe ukatoweka kwa wote, pasipo kisu wala mionzi.

Lakini hiyo si dawa ya kila mgonjwa. Wale 12 walichaguliwa kwa sababu uvimbe wao ulikuwa na kasoro katika jeni zinazosahihisha makosa seli inapojigawa. Makosa yakirundikana, seli hugeuka ngeni, na kinga ya mwili ikifunguliwa njia huzishambulia. Kuifungua njia hiyo ndiyo kazi ya dawa. Wenye kasoro hiyo ni kama 5 hadi 10 katika kila wagonjwa 100. Waliosalia bado wanahitaji tiba za kawaida.

Hoja yetu ni hii: puru ikishakatwa hairudi, na wengine huishi na mfuko wa choo tumboni hadi kufa. Si haki mtu kufikishwa huko kabla ya kupimwa. Kipimo chenyewe hutafuta protini nne katika kinofu cha uvimbe, kwa rangi maalumu na hadubini. Tena huweza kufichua kasoro ya kurithi, ndugu wakaonywa mapema.

Twawasihi wapangao bajeti za afya waanzie maabara. Dawa ghali bila kipimo ni jiwe lililotupwa gizani.