Mkristo Hashabikii Makombora

Naona baadhi yetu wakibishana mtandaoni ni nchi gani ina nyuklia kali zaidi, utadhani ni mechi ya Gor na Ingwe.

Nchi 9 zinahesabiwa kuwa na silaha hizo. Urusi na Marekani peke yao wana karibu 9 kati ya kila 10, na kila mmoja anaweza kuzirusha kutoka ardhini, baharini na angani. Uingereza inategemea nyambizi tu, na tangu 1969 haijakosa hata siku moja kuwa na moja iliyojificha baharini. Mpendwa, hao wenye nguvu ndio wanaokesha kwa hofu!

Tarehe 9 Agosti 1945, bomu la Nagasaki lililipuka karibu na kanisa la Urakami. Waumini waliokuwa ndani walikufa. Bomu halikuuliza nani anamjua Yesu.

Kwa hivyo usishangilie kombora la mtu. Kabla ya kusambaza hiyo video, piga magoti, uwaombee viongozi wa nchi hizo 9, mmoja mmoja. Soma 1 Timotheo 2:1-2.

Nani anaomba nami leo? Andika AMINA.